James Eads: Aliyetembea Chini ya Mto Kabla ya Kujenga Daraja Juu Yake

Katika mji wa St. Louis, nchini Marekani, lipo daraja la matao matatu ya feleji ambalo limesimama juu ya Mto Mississippi tangu mwaka 1874. Treni hupita katika ngazi ya chini, na magari hupita katika ngazi ya juu. Daraja hilo huitwa kwa jina la mtu aliyelijenga, James Buchanan Eads. Mtu huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, hakuwa na shahada ya uhandisi, na kabla ya kazi hiyo hakuwa amejenga daraja lolote. Watu walimwita Kapteni, ijapokuwa hakupata kuwa na cheo katika jeshi lolote. Hata hivyo manowari alizoziunda ziliwatangulia askari wa nchi yake katika vita vikali, na ngome zikasalimu amri mbele yake.

Askari ajuaye maana ya kuvuka mto chini ya amri, na polisi ajuaye maana ya kuulinda uhai wa watu waliowekwa chini ya dhamana yake, watayaona mengi ya kuwafaa katika maisha ya mtu huyu.

UTOTO WA DHIKI

James Eads alizaliwa tarehe 23 Mei 1820 katika mji mdogo wa Lawrenceburg, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mfanyabiashara ambaye mambo yake hayakumnyokea, na jamaa ile ikawa ya kuhamahama kutoka mji hadi mji ikitafuta riziki. Mwezi Septemba 1833 mama na watoto walifika St. Louis kwa meli ya moshi. Meli ile ilishika moto ilipokuwa ikifika bandarini. Baadhi ya abiria walipoteza maisha. Mama Eads na wanawe walisalimika, lakini mali yao yote iliteketea, wakashuka pwani ya mto hawana kitu ila nguo walizovaa.

Mama yule hakukaa kulia. Alikodi nyumba akaanza kupangisha wageni na kuwapikia. James, ambaye alikuwa na miaka 13, aliuza matofaa barabarani ili kumsaidia mama yake, na huo ukawa mwisho wa masomo yake ya darasani. Baadaye aliajiriwa katika duka la nguo. Mmoja wa wenye duka, Barrett Williams, alimwona kijana huyo kuwa mwepesi wa akili, akamruhusu kuitumia maktaba yake binafsi. Basi mchana James alibeba mizigo na kupokea wateja, na usiku alisoma vitabu vya hesabu, mitambo na sayansi. Mlango ule mmoja aliofunguliwa aliutumia kwa miaka mingi pasipo kuuchezea.

KAZI CHINI YA MAJI

Alipokaribia umri wa miaka 20, Eads aliingia kazi ya ukarani katika meli za Mississippi. Mto ule ulikuwa mkali. Vigogo vilivyozama vilitoboa meli, mitambo ya mvuke ilipasuka, na shehena za thamani zililala chini ya matope. Meli yake mwenyewe ilizama mwaka 1839 ikiwa na shehena ya risasi. Watu wengi walihesabu mali ya namna hiyo kuwa imepotea kabisa. Eads aliiona kuwa mali inayongoja mwenye maarifa ya kuifikia.

Mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 22, aliwaendea waunda meli wawili akiwa na mchoro wa meli ya kuopolea. Hakuwa na fedha. Alikuwa na mchoro tu. Wale wazee walimkubali awe mshirika wao. Katika kazi ya kwanza mzamiaji aliyekodiwa alishindwa na nguvu ya mkondo. Hapo Eads alinunua pipa kubwa la mvinyo, akaliondoa upande mmoja, akalifunga vipande vizito vya risasi na mpira wa kuingizia hewa, kisha akaligeuza kifudifudi na kuingia mwenyewe ndani yake. Akateremshwa hadi kwenye sakafu ya mto, akaanza kuifunga ile mali iliyozama ili ivutwe juu.

Kwa miaka mingi iliyofuata alitembea chini ya Mississippi, toka St. Louis kuelekea New Orleans, katika giza lisilo na mwanga hata kidogo, akipapasa kwa mikono. Huko alijifunza jambo ambalo halikuwamo katika kitabu chochote. Aligundua kuwa mchanga wa chini ya mto hautulii. Wakati wa mafuriko, tabaka nene la mchanga husafiri pamoja na maji, na shimo lenye kina kirefu laweza kuchimbika mahali palipokuwa pagumu jana. Maarifa haya aliyapata kwa miguu yake mwenyewe, na baadaye ndiyo yaliyoliokoa daraja lake.

Maisha hayakuwa ya ushindi mtupu. Alipooa, aliacha mto akafungua kiwanda cha vioo. Kiwanda kilifilisika, akabaki na deni kubwa. Wadai wake, walipomtazama tabia, hawakumfunga. Walimkopesha fedha zaidi arudi mtoni. Akarudi, akafanya kazi usiku na mchana, akalipa deni lote. Mwaka 1852 mkewe wa kwanza alifariki kwa kipindupindu. Mwaka 1857 Eads, akiwa tajiri lakini mapafu yake yamedhoofika, aliacha kazi ya uopoaji ili apumzike.

MANOWARI ZA LINCOLN

Mapumziko yale hayakudumu. Mwaka 1861 majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyotaka kujitenga ili kuulinda utumwa, yaliingia vitani dhidi ya serikali ya Rais Abraham Lincoln. Ilionekana wazi kwamba atakayeushika Mto Mississippi ameishika njia kuu ya nchi. Mwanasheria Mkuu wa serikali, Edward Bates, ambaye naye alitoka St. Louis, alimwita Eads mji mkuu atoe mawazo yake juu ya mto alioujua kuliko mtu yeyote.

Mwezi Agosti 1861 Eads alitia saini mkataba wa kuunda manowari saba za mtoni zilizovikwa deraya ya chuma, katika muda wa siku 65. Wakati alipotia saini, miti ya kuundia ilikuwa bado imesimama mwituni, na mitambo ya kukunja chuma ilikuwa haijatengenezwa. Katika muda wa wiki mbili alikuwa na watu wapatao 4,000 kazini, wakifanya kazi usiku kwa mwanga wa taa, hata siku za Jumapili. Manowari ya kwanza ilishushwa majini tarehe 12 Oktoba 1861. Kila moja ilichukua mizinga 13.

Muda wa mkataba ulipita kabla ya kazi kwisha, na sababu moja ni kwamba hazina ya serikali ilichelewesha malipo. Eads hakuwasimamisha mafundi. Alitumia fedha zake, kisha akakopa kwa rafiki zake. Tarehe 6 Februari 1862 manowari hizo ziliishambulia Ngome ya Henry, nayo ikasalimu amri kabla ya askari wa miguu kufika. Siku chache baadaye, katika Ngome ya Donelson, manowari zilipigwa vibaya zikarudishwa nyuma, lakini majeshi ya Jemadari Ulysses Grant yaliizingira ngome hadi ikasalimu amri tarehe 16 Februari. La ajabu ni kwamba vyombo vile vilipokuwa vikipigana, muundaji wake alikuwa bado hajalipwa fedha zake zote. Kwa maneno mengine, serikali ilipigana kwa mali ya raia aliyeiamini.

Mojawapo ya manowari hizo, iitwayo Cairo, ilizamishwa na bomu la majini mwezi Desemba 1862. Iliopolewa miaka ya 1960, na mabaki yake yamehifadhiwa Vicksburg, ambako wageni huenda kuyatazama.

DARAJA LILILOSEMWA HALIWEZEKANI

Vita vilipokwisha, St. Louis ilijikuta katika hatari ya namna nyingine. Reli zilikuwa zikienea upesi, na biashara ikaanza kuhamia Chicago, kwa sababu Mississippi pale St. Louis haukuwa na daraja. Abiria na mizigo walivushwa kwa vivuko, na wakati wa baridi barafu ilifunga mto. Mwaka 1867 Eads alikabidhiwa uhandisi mkuu wa daraja jipya.

Sheria ilidai nafasi pana isiyo na nguzo katikati, ili meli zipite. Eads alichora matao matatu: la kati lenye upana wa futi 520, yaani mita 158, na mawili ya pembeni yenye futi 502 kila moja. Wakati huo tao la chuma la upana kama huo lilikuwa halijawahi kujengwa popote duniani. Tena alitaka kutumia feleji, chuma kigumu ambacho watu walikitumia kwa visu na zana, si kwa madaraja makubwa.

Msomaji apaswa kuelewa kwa nini alichagua tao. Boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili hupinda katikati inapolemewa. Upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Tao halifanyi hivyo. Mzigo ukikaa juu yake, tao husukuma uzito pembeni na chini, kuelekea kwenye misingi, hata karibu vipande vyake vyote vikawa vinabanwa. Feleji hustahimili sana kubanwa, kwa hiyo Eads aliweza kuvuka nafasi pana kwa chuma chepesi. Lakini tao lina sharti moja: misingi yake isisogee. Msingi ukisogea, tao lote laweza kupasuka au kuanguka.

Kampuni iliyoshindana naye iliita mkutano wa wahandisi 27 mjini St. Louis, mwezi Agosti 1867, nao wakatoa rai dhidi ya matao mapana kama yale. Hapo ndipo ilipoonekana hekima ya Eads. Hakujitia kujua asichokijua. Alijua mto, alijua chuma na alijua watu, lakini hesabu za juu za matao zilihitaji jicho la bingwa. Aliwaajiri wahandisi waliosoma Ujerumani, Henry Flad na Charles Pfeifer, wafanye mahesabu. Kisha akayapeleka yote kwa William Chauvenet, mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, ambaye hapo awali alikuwa mmoja wa waasisi wa chuo cha wanamaji cha Marekani huko Annapolis. Alimwomba ayakague hatua kwa hatua na kuonyesha kosa popote litakapokuwapo.

Hapa pana tofauti kubwa ambayo kila mwanafunzi, pamoja na askari anayejiandaa kwa mtihani wa cheo, yafaa aishike. Yuko aombaye jibu ili aliandike kama lake, na yuko aombaye kusahihishwa baada ya kutoa jasho. Yule wa kwanza hupata alama na hubaki mtupu. Eads alikuwa wa namna ya pili. Taarifa aliyoitoa mwaka 1868 aliiandika kwa maneno ambayo raia wa kawaida aliweza kuyafuata, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameelewa kila hatua.

WATU WALIOLIPA KWA UHAI

Kwa kuwa alijua jinsi mchanga unavyosafiri, Eads alikataa kabisa kusimamisha nguzo juu yake. Alitaka kufika kwenye mwamba. Alipokwenda Ulaya kwa ajili ya afya yake, aliona Ufaransa namna ya kujenga misingi kwa hewa iliyoshindiliwa. Sanduku kubwa la chuma lisilo na sakafu huzamishwa, na hewa husukumwa ndani ili kuyazuia maji. Wachimbaji huingia humo na kuutoa mchanga, huku waashi wakiijenga nguzo juu ya sanduku lenyewe. Uzito wa mawe hulishusha kidogo kidogo. Nguzo ya mashariki ilifika mwambani mwishoni mwa Februari 1870, zaidi ya futi 90 chini ya maji.

Huko chini mgandamizo wa hewa ulikaribia mara nne ya ule wa kawaida. Wachimbaji walipotoka juu, wengine walishikwa na maumivu makali ya viungo, wengine walipooza, na wengine walianguka wakafa. Sababu haikujulikana. Leo tunajua kuwa chini ya mgandamizo huo naitrojeni ya hewa huyeyuka katika damu, na mtu akitoka upesi hufanya mapovu mwilini, kama chupa ya soda inapofunguliwa. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hilo mwaka 1878, baada ya daraja kukamilika.

Eads hakuificha habari ile. Alimweka daktari wake, Alphonse Jaminet, awe mlinzi wa wachimbaji. Daktari huyo aliteremka mwenyewe, akatoka upesi mno, akapooza na kukaribia kufa. Alipopona aliamuru zamu zifupishwe, hata zikafikia dakika 45 katika kina kirefu, na watu walazwe, walishwe vizuri na kupimwa. Msingi wa ukingo wa mashariki, uliokuwa na kina kirefu kuliko yote, ulifikishwa mwambani kwa kifo kimoja tu. Hata hivyo, kwa jumla zaidi ya watu kumi walikufa katika kazi ya misingi, na wengine walibaki vilema. Hesabu ya daraja lile haikamiliki bila wao. Kwa yeyote anayewaamuru wenzake, liko fundisho humo: hatari isiyoeleweka haimwondolei kiongozi wajibu wa kupunguza muda wa watu wake ndani ya hatari hiyo.

FELEJI NA JUA LA SEPTEMBA

Kazi ya chuma ilikabidhiwa kampuni ya Keystone, ambayo Andrew Carnegie alikuwa mmoja wa wakuu wake. Eads aliagiza kila kipande kipimwe kwa mashine kabla ya kukubaliwa. Viwanda havikuwa vimezoea ukali wa namna hiyo. Vipande vilikataliwa, vikarudishwa, vikatengenezwa tena. Carnegie alinung'unika juu ya ucheleweshaji na gharama, lakini Eads hakulegeza.

Ilipofika zamu ya kuyasimamisha matao, haikuwezekana kujenga jukwaa la miti mtoni, kwa sababu meli zilipaswa kupita. Kanali Henry Flad alibuni njia nyingine. Kila nusu ya tao ilijengwa ikitokeza hewani kutoka kwenye nguzo yake, ikishikiliwa na vyuma vilivyopita juu ya minara, hadi nusu mbili zikutane katikati.

Mwezi Septemba 1873 nusu hizo zilikaribia kukutana. Eads alikuwa London akitafuta mkopo, na masharti ya mkopo yalitaka tao la kwanza liwe limefungwa kabla ya tarehe 19. Lakini joto lilikuwa kali mno. Feleji ilikuwa imetanuka, na vipande vya mwisho havikuingia. Flad aliyafunika matao kwa barafu nyingi, na bado hazikutosha kwa kiasi kidogo. Eads alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Kabla ya kusafiri alikuwa ametengeneza mirija maalumu yenye parafujo, iwezayo kufupishwa na kurefushwa. Flad aliitumia, na usiku wa tarehe 17 Septemba tao likafungwa, siku mbili kabla ya mwisho wa muda.

Wakati uo huo adui mwingine alitokea. Wenye meli walilalamika kuwa mabomba ya moshi ya meli kubwa hayatapita chini ya matao. Waziri wa Vita, William Belknap, aliunda tume ya wahandisi wa jeshi, nayo ikashauri uchimbwe mfereji wa kulizunguka daraja, jambo ambalo lingeifilisi kazi yote. Eads alikwenda kwa Rais. Naye Rais alikuwa Ulysses Grant, yule jemadari wa Donelson, aliyezijua manowari za Eads kwa macho yake. Grant alipima jambo lenyewe, na mashauri ya tume yakawekwa kando.

MWISHO WA KAZI

Mwezi Juni 1874 tembo aliongozwa kulivuka daraja mbele ya umati, kwani watu waliamini kwamba tembo hakanyagi mahali pasipo imara. Akavuka bila kusita. Tarehe 2 Julai Eads alifanya jaribio lake mwenyewe: alipanga vichwa 14 vya garimoshi juu ya daraja, vyote vikiwa vimejaa makaa na maji. Tarehe 4 Julai 1874 daraja lilifunguliwa kwa gwaride na fataki. Kampuni iliyolimiliki ilifilisika upesi, kwa kuwa reli zilichelewa kulitumia, lakini chuma na mawe havikutetereka.

Eads aliendelea. Mwaka 1875 alijitolea kufungua mlango wa Mississippi baharini, uliokuwa umezibwa na matope, kwa sharti kwamba alipwe tu kadiri kina kinavyopatikana. Alijenga kuta mbili sambamba ili kuubana mkondo. Maji yaliyobanwa yalikwenda kasi na kuyafagia matope yenyewe. Mwaka 1879 kina kilifika futi 30, na meli za bahari zikaingia New Orleans. Mwaka 1884 alitunukiwa Nishani ya Albert nchini Uingereza, akiwa Mmarekani wa kwanza kuipata. Alifariki tarehe 8 Machi 1887 mjini Nassau, katika visiwa vya Bahamas, akiwa na umri wa miaka 66.

Njia ya kujenga tao kwa kulishikilia hewani ilienea duniani. Mwaka 1905 daraja la Victoria Falls, liunganishalo Zambia na Zimbabwe, lilifungwa kwa nusu mbili zilizoshikiliwa na nyaya, tao lake likiwa na futi 500. Daraja la Sydney, Australia, lililofunguliwa mwaka 1932, lilifika mita 503. Mwaka 2024 China ilifungua tao la mita 600. Kila moja lina hesabu zake na mashine zake, lakini kila moja bado lina sharti lile lile la misingi isiyosogea.

Eads alilitimiza sharti hilo katika daraja na katika tabia. Alishuka mwenyewe mpaka chini kabla ya kuwaambia wengine wajenge. Alichokijua alikishikilia mbele ya wahandisi 27, na asichokijua alikipeleka kikakaguliwe. Mwenye dhamana ya silaha na ya uhai wa watu asione haya kufanya vivyo hivyo: aulize kabla ya kutenda, kwa maana kosa la hesabu husahihishwa kwa kalamu lingali karatasini, na likishafika darajani hulipwa kwa maisha ya watu.